Tupeane uzoefu: kumbeba njiti kifuani usiku na mchana

Wadau, mama anaruhusiwa wodini na njiti (kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati) wa kilo moja na nusu, maelekezo kapewa ya dakika tano. Wenye ujuzi wa kangaroo, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, wakunga na walezi, tumpe yaliyobaki.

Mkunga
Naanza na kufunga, maana hapo ndipo wengi hukosea. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu. Akae wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, kichwa kigeukie upande, kidevu kiinuke kidogo. Kidevu kikizama, njia ya hewa inajibana, na njiti hana nguvu ya kujiinua. Miguu ikunjwe kama ya chura. Ukingo wa juu wa kanga uishie chini kidogo ya sikio. Ikaze kifuani, ilegee tumboni, kwa sababu mtoto huyu anapumua kwa tumbo. Mama alale ameegemea mito, asilale chali.

Muuguzi, wodi ya watoto wachanga
Shirika la Afya Duniani linataka saa 8 hadi 24 kwa siku. Ukimweka, asikae chini ya saa moja, kumtoatoa kunampoza. Joto la kwapani liwe nyuzi 36.5 hadi 37.5.

Njia hii ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, hospitali yake ikiwa na uhaba wa mashine za joto. Wapo wanaoiita tiba ya maskini, na inaniuma. Utafiti uliochapishwa 2021, Tanzania ikiwemo, ulifuatilia watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Katika waliobebwa mara tu baada ya kuzaliwa walifariki 12 kwa kila 100. Waliosubirishwa hadi hali itulie, karibu 16.

Mama wa njiti
Maziwa sasa. Anza kukamua mapema, ndani ya saa 6 baada ya kujifungua, kisha angalau mara 8 kwa siku, usiku usirukwe: titi lisipokamuliwa, maziwa hupungua. Gumba juu, vidole chini, nyuma ya ule weusi unaozunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, ndipo ubane. Kuvuta chuchu kunachubua tu. Dang'a, maziwa yale ya kwanza, hutoka matone. Usimwage hata moja.

Siku ya kwanza hukadiriwa ml 60 kwa kila kilo, kisha wodi huongeza taratibu hadi kama 150 au zaidi kwa siku. Kwa kilo 1.5, akilishwa kila saa 3, ni ml 11 hivi kila mlo mwanzoni, baadaye 28. Kikombe kiguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe. Ukimmiminia, maziwa yanaingia mapafuni.

Bibi mlezi
Binti wa watu ana mshono, anakamua usiku kucha, halafu tunamwachia na kubeba? Apokewe ale, aoge, alale. Bibi, shangazi, hata baba anaweza kubeba, mradi ameoga na hana kikohozi. Asipike akiwa naye: moto, mvuke na moshi ni hatari.

Akisita kupumua, msugue mgongo na nyayo papo hapo, kisha mkimbizeni hospitali hata kama amezinduka. Pia akigoma kunyonya, akiwa wa njano, mbavu zikiingia ndani anapopumua, au akibaki wa baridi baada ya saa nzima kifuani. Njiani abebwe hivyo hivyo, ngozi kwa ngozi.