Wazazi wa shifti, saa kumi alfajiri mpaka saa mbili watoto mnaacha na nani?

BabaWaInnercore:
Wadau habari za jioni, naomba ushauri na tafadhali leo matusi tuweke kando. Mimi niko kwa kiwanda cha mkate Industrial Area, shifti ya usiku, naingia saa nne natoka saa moja asubuhi, kwa nyumba hapa Umoja nafika saa mbili hivi. Bibi anauza nguo za watoto soko la Mutindwa na kama mnajua mtumba mnajua lazima uwe soko la Gikomba bale, yaani yale marobota, zikifunguliwa, ukichelewa kamera, zile nguo safi za kwanza, imeenda na wewe unabaki kuchagua matambara. Kwa hivyo anatoka saa kumi na kitu alfajiri. Mkubwa yuko gredi ya nne, gari ya shule inambeba saa kumi na mbili kasoro, mdogo ana miaka miwili.

Dada aliyekuwa anatusaidia alienda kwao Disemba, Januari akatuma meseji ati harudi. Tangu hapo jirani mmoja, mama mzuri sana, ndiye anakuja kukaa nao mpaka nifike, lakini amepata kibarua na mwisho wa mwezi anaacha.

Sasa, bosi amesema kuna nafasi mchana upande wa kupakia magari, saa mbili mpaka saa kumi na moja, ila marupurupu ya usiku yanaenda, hiyo ni kama elfu sita chini. Mama mkwe naye anataka tumpeleke mdogo Murang'a akae na yeye. Mimi kwa maoni yangu naona bibi aache Gikomba kidogo, anunue kwa watu wa jumla ata kama ni bei, mpaka huyu mdogo aanze shule. Mnaonaje?

KijanaWaJogooRd:
Aache. Mtoto wa miaka miwili ni wa mama, hiyo haina mjadala.

MamaMitumba:
Eti haina mjadala, wewe una watoto wangapi? Baba Innercore nijibu kwanza, pesa ya bibi inalipa nini kwa hiyo nyumba?

BabaWaInnercore:
Chakula na karo. Yangu ni rent, stima, maji, na loni ya sacco.

MamaMitumba:
Basi hapo umejijibu. Ukinunua kwa mtu wa jumla amekwisha kutoa kamera yake zamani, wewe unauziwa mabaki na bei juu, na wateja wa Mutindwa wana macho, wiki mbili tu wamehamia meza ya jirani. Hiyo si kuacha kidogo, hiyo ni kufunga, na kurudi itakuwa ni kuanza na mtaji upya.
Kitu tulifanya na mwenzangu ni zamu. Yeye anaenda siku zake anatuchagulia wote wawili, mimi yangu, mzigo unakuja na boda. Lakini awe ni mtu anajua jicho lako, juu nguo za watoto mtu anaweza kukujazia majaketi za baridi mwezi wa pili ukakaa nazo mpaka Julai. Hivyo bibi anatoka alfajiri nusu ya siku za wiki, si kila siku. Na kuna wenye bale ukizoeana nao wanakuwekea unalipa na M-Pesa, ingawa hapo usitegemee sana, akija mwenye pesa mkononi yako inauzwa.

Shosho_Kijana:
Mpelekeni Murang'a jameni, maziwa iko, hewa iko. Wangu wawili walilelewa na mamangu.

Mwalimu_Eastlando:
Shosho na heshima zote, mamako alikuwa na miaka mingapi wakati huo? Mtoto wa miaka miwili anakimbia. Na huyo mkubwa mmemsahau wote, gredi ya nne kuna kazi za nyumbani na miradi, leo mtoto anaambiwa alete makopo kesho alete mbegu, na usiku baba ametoka mama amechoka. Nawaona darasani, wale wanaofanya hizo kazi peke yao kwa gari ya shule asubuhi.

Afisa_Ajira:
Upande wa sheria nikusaidie. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 21 za kazi za likizo ya mwaka ukimaliza miezi kumi na mbili, na siku moja ya kupumzika kila wiki. Haina mahali inamlazimisha bosi kukupa shifti unayotaka, kwa hivyo hiyo nafasi ya mchana usiichezee, kesho mwingine ataichukua. Omba waandike barua yenye mshahara mpya na masaa. Kama likizo yako iko, chukua kipande mwisho wa mwezi wakati jirani anaacha mpate kupumua.

KijanaWaJogooRd:
Si muandike tu msichana mwingine, elfu nane wamejaa.

Dada_wa_Kazi:
Wamejaa wapi? Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Unalipa elfu nane, analala na mtoto, anaamka saa tisa, halafu Januari mnashangaa hakurudi. Sisemi ni wewe Baba Innercore, sijui mlikuwa mnamlipa ngapi.

BabaWaInnercore:
Hatukuwa tunafika hapo.

MamaMitumba:
Na wewe unalala saa ngapi?

BabaWaInnercore:
Mdogo akilala mchana.

MamaMitumba:
Mtu ametoka kwa oveni usiku kucha halafu anachunga mtoto wa miaka miwili kwa ghorofa, hapana. Chukua mchana. Elfu sita ni nyingi najua lakini ukiwa mchana alfajiri uko kwa nyumba, mkubwa unampandisha gari wewe, mdogo unamwacha deikea ukienda kazi saa moja. Deikea usichague kwa bei. Pita bila kupiga simu kitu saa nne asubuhi, ukikuta watoto kumi wote wamelala kimya saa hiyo jiulize wamepewa nini. Hesabu pia walezi ni wangapi, uliza nani mwenye ruhusa ya kumchukua jioni.

Mwalimu_Eastlando:
Swali dogo tu, mama mwenyewe anasema nini?

BabaWaInnercore:
Kusema ukweli ya Gikomba sijamwambia. Nilitaka kusikia nyinyi kwanza.

Dada_wa_Kazi:
😂😂 Haki wanaume.

BabaWaInnercore:
Wacheni kucheka. Amefika saa hii, nimempa simu anasoma. Anasema hiyo ya zamu ashawahi kumwambia mwenzake wa meza ya pili na alikataa, sasa anauliza MamaMitumba nyinyi mnagawana aje mzigo ukiwa mbaya, ni nani anabeba hasara?

MamaMitumba:
Aliyechagua anabeba nusu. Mwambie aje inbox tuongee.