Mkataba wa biashara huru upo, lakini je, mashati yetu yatasamehewa ushuru?

Muulizaji

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Kampuni yetu hushona mashati ya kiume ya pamba, na sasa tunajiandaa kuuza ng'ambo kwa mara ya kwanza. Nchi yetu ina mkataba wa biashara huru na soko tunalolilenga, na tumeshampata mnunuzi mwenye nia ya kweli, ila ameweka wazi kwamba bei yetu itamfaa iwapo tu mzigo utaingia bila ushuru wa forodha. Kitambaa tunakinunua kutoka nchi ya tatu isiyokuwamo katika mkataba huo. Kukata, kushona, kutia vifungo na kupiga pasi hufanyika kiwandani kwetu. Katika jedwali la mkataba nimeona ushuru wa mashati umefutwa. Je, hilo linatosha kumwahidi mnunuzi ushuru wa sifuri? Kama halitoshi, tuanzie wapi kabla ya kutia saini?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu yangu, halitoshi, na nakusihi usitoe ahadi hiyo kwa sasa. Mkataba haufuti ushuru wa kila kitu kinachopakiwa katika nchi mwanachama. Unafuta ushuru wa bidhaa ambayo uasili wake ni wa nchi mwanachama, yaani inayohesabiwa kwa kanuni za mkataba kuwa imetengenezwa huko, na masharti ya uasili huo kwa kawaida hayamo katika jedwali ulilolisoma, bali katika kiambatisho kirefu ambacho wafanyabiashara wengi hukiruka kwa sababu kinachosha kukisoma.

Anza na msimbo wa bidhaa, kwa kuwa kila kitu kingine hutafutwa kwa namba hiyo. Mfumo wa HS, yaani wa kuainisha bidhaa kwa namba, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani ulianza kutumika mwaka 1988, na tarakimu zake sita za mwanzo ni zilezile kwa nchi zote zinazoutumia. Tarakimu zinazofuata kila nchi hujiwekea yenyewe. Shati la kiume la pamba lililoshonwa kwa kitambaa cha kawaida cha kufumwa liko 6205.20, lakini likishonwa kwa kitambaa kinachovutika kama cha fulana linahamia 6105, ambako linaweza kukutana na ratiba nyingine ya kupunguza ushuru. Angalia pia mkataba wenu uliandikwa kwa toleo lipi la mfumo huo, maana toleo la sasa ni la mwaka 2022 na mikataba mingi ni ya zamani kuliko hilo.

Ukishapata namba, tafuta kanuni ya uasili iliyoandikwa mbele yake. Kwa nguo mara nyingi utakuta mojawapo ya masharti matatu. Mikataba iliyo laini hutosheka na kukata na kushona. Mingine, ikiwemo mingi ya Umoja wa Ulaya, hudai hatua mbili, yaani kitambaa kifumwe na nguo ishonwe ndani ya eneo la mkataba. Iliyo migumu zaidi huanzia kwenye uzi, kama ilivyo kwa nguo nyingi katika mkataba wa Marekani, Meksiko na Kanada ulioanza kutumika Julai 2020. Kwa maelezo yako, ninyi mmefanya hatua moja tu. Chini ya sharti la kwanza mnapita. Chini ya la pili au la tatu mnashindwa, hata kama ushonaji wenu ni wa hali ya juu na sehemu kubwa ya thamani ya shati imeongezwa na mafundi wenu. Kuhusu vifungo usihofu sana, kwa sababu kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, haziwekei masharti hayo vitu ambavyo si vya nguo.

Mkikuta mmekwama, ulizeni kama mkataba unaruhusu limbikizo la uasili, ambapo kitambaa cha nchi nyingine mwanachama huhesabiwa kana kwamba ni chenu. Hapo mtalazimika kubadilisha muuzaji wa kitambaa, na ni heri mjue hilo kabla ya kupanga bei.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na aliyetangulia, ila ningependa upige hesabu kabla ya kubadilisha muuzaji wa kitambaa. Faida ya mkataba ni tofauti kati ya ushuru wa kawaida, ule ambao wanachama wa Shirika la Biashara Duniani hutozana bila upendeleo, na ushuru wa mkataba. Kwa mashati ya 6205.20 Umoja wa Ulaya hutoza asilimia 12 kwa utaratibu wa kawaida, kwa hiyo kuna kitu cha kupigania. Bidhaa nyingi za kompyuta, kwa upande mwingine, zina ushuru wa sifuri katika nchi nyingi tangu makubaliano ya teknolojia ya habari ya mwaka 1996, na anayehangaikia cheti cha uasili kwa bidhaa hizo anapoteza muda wake. Ikiwa kitambaa cha nchi mwanachama kitapandisha gharama yako kuliko ushuru unaookolewa, basi kulipa ushuru wa kawaida ni uamuzi wa busara kabisa.

Jambo la pili ni kwamba ushuru hulipwa na mwagizaji, isipokuwa mmekubaliana uuze kwa sharti la DDP, ambapo muuzaji ndiye hulipa ushuru. Nafuu yote huanzia mfukoni mwa mnunuzi, na usipoijadili katika bei itabaki hukohuko. Hatari nayo huanzia kwake: forodha ya nchi yake inaweza kukagua nyaraka zenu muda mrefu baada ya mashati kuuzwa, na ikikuta uasili haukuthibitika itamdai ushuru wote wa nyuma. Mnunuzi makini atataka mkataba wa mauzo useme nani atabeba deni hilo, nawe usikubali kifungu hicho kabla hujapanga vizuri ankara za kitambaa na kumbukumbu za uzalishaji.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza machache. Mzigo ukipitia bandari ya nchi ya tatu, ubaki chini ya uangalizi wa forodha na usifanyiwe kazi yoyote itakayoubadilisha, la sivyo haki ya upendeleo inaweza kupotea. Lebo ya aina za nyuzi na asilimia zake hudaiwa katika Umoja wa Ulaya hata pale ushuru ulipofutwa. La muhimu zaidi, ombeni uamuzi wa awali, yaani jibu la forodha kabla mzigo haujaingizwa, kuhusu msimbo na uasili. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika 22 Februari 2017, unazitaka nchi wanachama kutoa uamuzi huo kwa maandishi, nao huifunga forodha iliyoutoa.

Muulizaji

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimerudi kwenye kiambatisho na kukuta sharti letu ni la hatua mbili, hivyo nimemwambia mnunuzi kwamba bei ya awali tuisitishe kwanza wakati tunatafuta kitambaa ndani ya eneo la mkataba. Je, uamuzi huo wa awali tunauomba sisi au mnunuzi?

Mchangiaji wa tatu

Msafirishaji na mwagizaji wote wanaruhusiwa kuomba, lakini nchi inaweza kudai mwombaji awe na mwakilishi au usajili ndani ya mipaka yake. Kwa hali yenu ni rahisi zaidi mnunuzi aombe kwa forodha ya kwao, nanyi mumpe sampuli ya shati, maelezo ya kila hatua ya uzalishaji na tamko la uasili kutoka kwa mfumaji wa kitambaa kipya.