Naomba ushauri: mgagani jirani na mikorosho

Habari za majukumu wakuu. Niko Newala, nataka kupanda mgagani wa kuuza. Huu unaojiotea mashambani unakwisha mvua zikikata, na akina mama sokoni wanauulizia kweli. Una ule ukali kama wa haradali. Ukiuchemsha, ukamwaga maji ya uchungu, ukaunga kwa karanga na kula na ugali wa muhogo, kabichi haioni ndani.

Mbegu nilikusanya mwenyewe kwenye maganda yaliyogeuka manjano. Imeota michache mno. Naambiwa mbegu mpya hulala miezi kadhaa ndipo ikubali kuota. Wenye uzoefu mnaiamshaje? Au niihifadhi tu hadi msimu ujao?

Hiyo michache nayo imewahi kutoa maua ikiwa magotini. Navunja vikonyo vya maua ili ichipue pembeni, ila maji huku ya kununua, siwezi kumwagilia kila siku.

Kinachoniumiza kichwa hasa ni salfa. Tuta langu limepakana na mikorosho ya jirani, na kuanzia mwezi wa tano watu wanaipuliza kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Lile vumbi la njano linatua hadi kwenye mboga, na majani ya mgagani yana vinyweleo vinavyonata, kwa hiyo kuosha si kazi ndogo. Nisubiri siku ngapi ndipo nichume? Au nihamishie tuta nyuma ya nyumba, ingawa kuna kivuli? Jirani siwezi kumzuia, korosho ndiyo ada ya watoto wake.