Impresti, masurufu, petikashi: ni kitu kimoja au vitatu?

mweka_hazina_Sahare:
Asalaam aleykum. Mkaguzi amepitia vitabu vya ushirika wetu wa wavuvi hapa Tanga, akaandika kwamba fedha ndogo ndogo ziendeshwe kwa mfumo wa impresti. Katibu anasema impresti ndiyo masurufu, hela ya safari. Mjumbe mwingine anasema ni petikashi tu na tayari tunayo: kila Jumatatu mtunza kisanduku hupewa laki moja na nusu. Nani yuko sahihi, na tubadilishe nini? Matumizi madogo ni kama 130,000 kwa wiki: bodaboda, sabuni, karatasi, chai ya vikao.

Mzee wa Leja, Makorora:
Waaleykum salaam. Petikashi ni fedha yenyewe, zile noti za kisandukuni. Impresti ni namna ya kuziendesha: mnaweka kiwango kimoja kisichobadilika, na kila mnapojaza mnarudisha kiasi kilekile kilichotumika, hakizidi wala hakipungui. Mnachofanya sasa ni petikashi bila impresti. Wiki moja ikitumika 70,000, inabaki 80,000, inakutana na laki moja na nusu mpya. Miezi mitatu baadaye hakuna anayejua kisandukuni palitakiwa kuwe na shilingi ngapi, kwa hiyo hata zikipungua haionekani.

Kiwango chenu: wiki mbili ni 260,000, ongezeni kidogo iwe 300,000. Jazeni ikishuka chini ya 90,000 hivi. Msiweke kikubwa zaidi ya hapo, maana kisanduku kilichonona huanza kukopesha watu mishahara.

Saa yoyote, noti zilizomo jumlisha kiasi cha hati za malipo (karatasi zinazoonyesha kila kilicholipwa) lazima zifike 300,000. Mwenyekiti ahesabu ghafla angalau mara moja kwa mwezi, asitangaze siku.

Sasa vitabuni, ambako wengi hukwama. Siku ya kwanza: debiti (upande wa kushoto wa leja, yaani kitabu kikuu cha hesabu) Petikashi 300,000, krediti (upande wa kulia) Benki 300,000. Tuseme zimetumika 214,500 na zimebaki 85,500. Hundi ya kujazia ni 214,500 kamili, msiikadirie kuwa laki mbili. Krediti ni Benki, debiti ni matumizi yenyewe: usafiri 62,000, usafi 38,500, karatasi na kalamu 74,000, chai 40,000. Akaunti ya Petikashi haiguswi. Ukiidebiti tena wakati wa kujaza, leja itasoma 514,500 ilhali kisandukuni mna laki tatu, na matumizi yote ya mwezi yatakosekana kwenye hesabu ya mapato na matumizi. Petikashi huguswa tu mnapoamua kupandisha au kushusha kiwango.

bint_Ngamiani:
Naongezea upande wa katibu, naye hakukosea. Serikalini na halmashauri, impresti huitwa masurufu, nayo ni ya aina mbili. Ya kudumu ndiyo hiyo aliyoeleza Mzee. Ya pili ni masurufu maalumu: mtu anakabidhiwa fedha kwa kazi moja, safari au semina, na ikiisha anarejesha hesabu. Neno la Kiingereza, imprest, lina asili ya kukopesha. Zamani lilitumika kwa fedha ya awali waliyopewa askari na mabaharia wa mfalme. Neno letu, masurufu, nalo lilitoka Uarabuni, na watu wa pwani walilitumia kwa chakula na matumizi ya safari. Ndiyo maana katibu akisikia masurufu anawaza basi la Dodoma.

Masurufu ya safari hayatoki kwenye kisanduku. Yanatoka benki na yanakaa kama deni kwa jina la mhusika. Akipewa 450,000 akatumia 396,000, analeta stakabadhi za 396,000 na keshi 54,000, ndipo deni linafutwa. Ofisi nyingi huweka siku 14 tangu arudi. Asipewe mengine kabla ya kurejesha ya kwanza. Ukilegeza hapo, deni la zamani linalipwa kwa masurufu mapya na hulikamati tena.

mweka_hazina_Sahare:
Ahsanteni sana, Mzee na dada. Bodaboda hatoi risiti, hapo tunafanyaje? Na mtunza kisanduku anataka fedha zikae kwenye simu yake.

bint_Ngamiani:
Bodaboda: hati ndogo ya malipo yenye namba mfululizo. Andikeni tarehe, alikotoka na alikokwenda (mfano Sahare hadi Chumbageni), kazi iliyompeleka, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Aliyepokea asaini, na anayeidhinisha asiwe mtunza kisanduku mwenyewe. Hati ikiharibika ikatwe mstari ibaki kitabuni, isichanwe. Dukani daini risiti ya mashine ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi), mtoe na nakala ya kivuli siku ileile, kwa sababu maandishi ya karatasi ile hufifia kwa joto na unyevu wa huku kwetu.

Simu yake binafsi, hapana. Hela ya mchele ikichanganyika na ya ushirika, hata mwaminifu hawezi kuthibitisha. Mkitaka simu, iwe laini ya ushirika, na makato ya kutuma na kutoa yaandikiwe hati kama matumizi mengine, la sivyo kila hesabu itapungua kwa shilingi mia kadhaa.

Mzee wa Leja, Makorora:
Mawili niliyosahau. Ushuru na mauzo ya samaki yasipite kwenye kisanduku hiki hata kwa dakika. Yaende benki yote kama yalivyopokelewa, kisha mtumie kwa hundi. Na siku ya mwisho ya mwaka wenu wa fedha, jazeni hata kama zimetumika 15,000 tu. Msipojaza, hati hizo zitaingia mwaka unaofuata, na leja itaonyesha petikashi ya 300,000 wakati kisandukuni mna 285,000. Mkaguzi huanza na hapo.