Waliandika "mtoto hapendi karanga". Nianzie wapi?

Mama Neema wa Rau
Habari zenu jamani. Binti yangu ana miaka 6 na ana mzio mkali wa karanga. Tuligundua akiwa na mwaka na nusu, kwa uji wa unga wa lishe. Wiki mbili zilizopita tulitoka Moshi kwenda Arusha kwenye sendofu ya mdogo wangu, tukalala hoteli moja huko. Siku 3 kabla nilipiga simu mapokezi nikaeleza kwamba karanga hata kidogo inaweza kumuua. Dada akajibu, "Nimeandika mama, usijali." Tulipofika nikarudia.

Usiku tukala bufee. Mhudumu akaniambia mchicha una karanga, ila wali na maharage havina shida. Nikampakulia hivyo. Nimeshakaa ndipo nikaona mgeni mwingine anatoa upawa kwenye mchicha anauchovya kwenye maharage, maana upawa ulikuwa mmoja kwa vyombo vyote viwili. Ule mchuzi mzito wa karanga ulikuwa umeganda hadi kwenye mpini.

Neema akasema, "Mama, ulimi unawasha." Mara midomo ikavimba, akatapika, akaanza kukohoa na kukoroma kifuani. Nilikuwa na sindano ya adrenalini aliyoniletea kaka yangu kutoka Uingereza, nikamchoma pajani. Dereva wa hoteli hakuwepo. Aliyetufikisha hospitali ni kijana wa bajaji aliyeegesha getini, Mungu ambariki.

Asubuhi niliomba kuona walichoandika kwenye daftari la mapokezi. Mstari mmoja: "mtoto hapendi karanga". HAPENDI! Meneja anasema jikoni walijua ni mtoto wa kudeka. Anatupa usiku 2 bure, ila nisaini karatasi kwamba sitalizungumzia tena. Sijasaini. Sitaki vya bure, nataka jiko lile libadilike. Nianzie wapi?

Mpishi Sakina
Pole sana mama. Nimepika hotelini Arusha miaka 11 na hiyo ya upawa naijua. Lakini hata ungebadilishwa, uliza na mafuta ya chipsi, ubao wa kukatia, na blenda iliyosaga karanga mchana. Kuosha harakaharaka hakutoshi. Kuipika karanga pia hakuiondolei madhara. Na taarifa ya mapokezi mara nyingi inaishia mapokezi. Siku nyingine usikubali "nimeandika", omba uongee na mpishi mkuu mwenyewe.

Nesi_KLM
Mama Neema, ulichoma mapema na mahali sahihi. Nawaambia na wengine: vidonge vya aleji kama cetirizine vinapunguza mwasho tu, havifungui koo lililoziba. Ukishachoma, mtoto alale, miguu iinuliwe. Kama anapumua kwa shida mwache akae. Asisimamishwe wala kutembezwa. Na hata akipata nafuu afike hospitali, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Umeshapata sindano nyingine?

Baba Ericki
Usisaini. Andika barua ya malalamiko kwa hoteli, taja tarehe, saa na alichokula, ambatanisha nakala ya cheti cha hospitali. Nakala nyingine mpelekee afisa afya wa Jiji, yeye ndiye mkaguzi wa majiko. Haki za mlaji ziko pia chini ya Tume ya Ushindani, FCC. Ule mstari wa daftari uliupiga picha?

Mama Neema wa Rau
Niliupiga, Baba Ericki, na mhudumu alikuwepo. Barua nimeanza kuiandika leo, na Jumatatu napanda basi kwenda kwa afisa afya. Nesi, sindano ya pili sina, kaka anaitafuta. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Harusi yenyewe ni Jumamosi ijayo, na Neema ameniuliza kama kwa mama mdogo watapika mchicha. Nimempigia mama mpishi mwenyewe. Kanyamaza kidogo, kisha akasema, "Cha Neema nitakipika alfajiri kwenye sufuria yangu ya nyumbani, nikifunike, ndipo karanga ziingie jikoni."