Wakuu, naomba ushauri: nitawezaje kupiga picha za utitiri wa bustanini hapa Dodoma?

Mwalimu_wa_Nkuhungu

Wakuu, habari za leo. Naishi na mama yangu hapa Nkuhungu. Juzi usiku mvua ya kwanza ya maana imenyesha, na asubuhi nikakuta ua mzima una wadudu wekundu wenye manyoya laini kama mahameli, wanatembea taratibu juu ya mchanga uliolowa. Mkubwa wao anakaribia sentimita moja. Nilipiga magoti nikawaangalia mpaka nikachelewa kazini. Kesho yake sikuona hata mmoja.

Sasa kwenye nyanya za mama wapo wekundu wengine, ila hawa ni vinukta tu. Wamejificha chini ya majani, na majani yenyewe yameanza kupata madoa ya njano na utando mwembamba. Mama anaamini ni watoto wa wale wakubwa. Ameshanunua dawa na Jumamosi anataka kupulizia nyanya pamoja na ua wote. Nimemwomba anipe siku chache nipige picha, tujue kwanza tunapambana na nani.

Nina Canon 600D ya mtumba na lenzi yake ya 18-55. Nikijaribu kupiga vile vinukta napata ukungu mtupu. Nimeambiwa bila lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, nisijisumbue, na bei yake siiwezi. Naombeni msaada: nifanyeje nipate picha inayoonyesha hata miguu? Na je, hawa wawili ni ndugu kweli?

Fundi_Mwanga

Mwalimu, hela yako iache ilipo. Hata hiyo lenzi ya makro isingekutosha. Nyingi zinaishia ukuzaji wa 1:1, maana yake mdudu wa milimita moja anachukua milimita moja ya sensa, kile kibapa kinachonasa picha ndani ya kamera. Sensa ya 600D ina upana wa milimita 22.3 na nukta za picha (pikseli) 5184 kwa upana huo. Utitiri wa nyanya una nusu milimita hivi. Ukipiga hesabu unapata mdudu wa nukta 116 kwenye bahari ya kijani.

Tafuta ringi ya kugeuzia lenzi, ile ya chuma yenye skrubu, ni bei ndogo sana. Unaifunga lenzi kinyume, mbele ikae nyuma. 18-55 ikigeuzwa na kuwekwa kwenye 18 inakuza zaidi ya mara tatu, na mdudu wako anafika nukta 350. Hapo miguu utaihesabu. Fokasi hutaipata kwa kuzungusha lenzi, bali kwa kusogea wewe mwenyewe mbele na nyuma, na jani litakuwa sentimita nne tu kutoka kwenye lenzi.

Kuna jambo watu hulisahau: lenzi ikigeuzwa haiongei tena na kamera, kwa hiyo tundu la kupitishia mwanga linabaki wazi kabisa na kinachoonekana vizuri ni unywele tu. Kabla ya kuigeuza, weka tundu kwenye f/8, bonyeza na kushikilia kile kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi, halafu chomoa lenzi kabla hujakiachia. Tundu litaganda hapo hapo. Usilibane kupita hapo. Kwenye ukuzaji huu, tundu dogo sana linaua ukali wa picha.

Mwanga wa jua peke yake hautatosha. Tumia flashi na shata ya 1/200 ya sekunde, kisha ukinge mwanga kwa karatasi nyeupe iliyokunjwa ili usiwe mkali. Na mahameli mekundu yanaungua haraka kwenye picha, yanakuwa doa jekundu lisilo na manyoya. Punguza mwanga kidogo kuliko unavyodhani inafaa.

Kijana_wa_Kisasa

Dada, njia rahisi ni kuwaweka kwenye friji dakika kumi. Wakipoa hawatembei, unapiga unavyotaka.

Mzee_wa_Hombolo

Mjukuu wangu, hapana. Yule wa mahameli anaishi ardhini karibu mwaka mzima. Mvua zetu zinaanza Desemba na kukoma Aprili, na yeye anasubiri tu ardhi ilowe ndipo apande juu. Anakaa saa chache, anakula, anatafuta mwenza, anarudi chini. Ukimtia kwenye friji umemnyang'anya sehemu kubwa ya muda aliokuwa akiusubiri. Mpige picha anapotembea, hana mbio huyo.

Mwalimu, sasa swali lako la undugu. Wote ni utitiri, jamaa za kupe, buibui na nge, kwa hiyo mkubwa ana miguu minane na si mdudu kama panzi. Lakini si mzazi na mtoto. Mtoto wa yule wa mahameli ana miguu sita, ni mdogo mno, na huishi kwa kumng'ang'ania panzi au mdudu mwingine na kumnyonya. Siku ukishika panzi, kunjua mbawa zake: ukiona vishanga vyekundu kwenye mshipa wa ubawa, ndio hao. Akishakua anaachana na panzi, anaanza kuwinda. Anapenda mayai ya wadudu na mchwa. Nimeshawahi kuwaona wakitoka asubuhi ile ile kumbikumbi wanapodondosha mbawa. Ua wa mama umekuwa na walinzi, asiupulizie.

Wa kwenye nyanya ni mnyonyaji wa majani. Ule utando anausokota mwenyewe. Kwenye joto na ukavu, yai linakuwa mzazi ndani ya wiki moja au mbili, na jike asiyepata dume bado hutaga, ila watoto wote wanakuwa madume. Ndiyo maana mti mmoja unajaa ghafla. Mwambie mama asome kibandiko cha dawa. Kama hakitaji utitiri, huenda haitawaua, bali itaua wale wanaowala, na wiki tatu baadaye hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Achume majani yaliyochakaa ayachome, yaliyobaki ayaoshe kwa maji upande wa chini.

Mwalimu_wa_Nkuhungu

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Fundi, ringi nimepata kwa jamaa anayetengeneza kamera. Tatizo langu sasa ni upepo, jani halitulii.

Mama_Zabibu

Mwanangu, Dodoma upepo ni wetu, huwezi kuukwepa saa nne asubuhi. Amka saa kumi na mbili. Mimi hulibana shina la jani kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti nilichochomeka ardhini. Na hiyo lenzi uliyoigeuza ina makalio wazi, vumbi letu litaingia. Ivalishe mfuko wa plastiki unapotembea.

Mwalimu_wa_Nkuhungu

Wakuu, leo asubuhi nimepiga picha 140, zinazofaa ni sita. Miguu ni minane, nimeihesabu mara mbili, na mayai yanaonekana yamejaa kama shanga za kioo kwenye utando. Nilipiga jani moja mara kumi nikisogea unywele kwa unywele, kisha nikaziunganisha kwenye kompyuta kwa programu ya bure, na sasa mdudu mzima anaonekana vizuri kuanzia mdomo hadi mgongo. Mama amekaa mbele ya skrini muda mrefu. Dawa ameirudisha dukani, na majani tumechuma ndoo nzima.

Mzee, kwenye jani moja kuna mwingine nisiyemwelewa. Ana rangi ya chungwa, mwili wake umekaa kama tone la maji na unang'aa, miguu ya mbele ni mirefu. Wenzake wametulia wananyonya, yeye anakimbia huku na huku. Kwenye picha ya mwisho amelikumbatia yai.

Mzee_wa_Hombolo

Marahaba, mwalimu. Huyo analila hilo yai. Ni utitiri pia, ila chakula chake ni utitiri wenzake. Jani hilo msilichume.