Naomba ushauri: mtu aliyekuwa analala nje kapewa nyumba, sasa wenzake wa barabarani wamehamia kwake

Habari zenu wakuu, mimi niko Manchester nafanya kazi ya sapoti kwenye hosteli ya watu wasio na makazi. Zamani ilikuwa ngazi kwa ngazi, yaani mtu aache pombe kwanza, ahudhurie vikao, aonyeshe yuko tayari ndo apewe funguo, na wengi walikuwa wanakwama njiani wanarudi kulala nje. Sasa tunahamia mfumo wa nyumba kwanza (Housing First), yaani mtu apewe funguo kwanza bila masharti hayo, sapoti ifuate, ule aliouanzisha mwanasaikolojia Sam Tsemberis New York 1992 na Finland wakaufanya mpango wa taifa 2008, mpaka hosteli zao wakazigeuza nyumba za kupanga zenye mkataba kabisa. Naukubali kwa moyo wote.

Shida iko hapa. Kuna baba mmoja wa makamo kakaa nje miaka mingi, kapata flati, wiki ya tatu tu wenzake wa barabarani wamehamia kwake, kelele usiku kucha, majirani wanalalamika na mwenye nyumba kashatoa onyo. Kuwatoa anaogopa, anasema upweke mle ndani unamtesa kuliko baridi ya nje (iliniuma sana kusikia hivyo). Nikiingilia nageuka polisi kwenye nyumba yake mwenyewe, nikinyamaza atapoteza mkataba.

Mliofanya kazi hizi, hasa mlioko Finland au Ireland, mlikuwa mnafanyaje? Nianze na mwenye nyumba au na huo upweke wake? Na mfanyakazi mmoja mlikuwa mnampa watu wangapi asizidiwe?